Abiria Wenye Pembe

Watu wengine wana nyumba yenye sebule na jiko. Mimi kwa miaka mingi nimekuwa na nyumba yenye magurudumu. Ni lori, au kamio kama tunavyosema Butembo, na humo ndimo ninamolala, ninamopika, ninamonyoa ndevu na ninamokasirikia dunia. Tunatoka Butembo na viazi, vitunguu na bidhaa za madukani, tunapita Beni, tunaingia msituni, tunafika Kisangani. Kisha tunarudi na mchele, mafuta ya mawese na mbao. Barabara ikikubali, ni safari ya siku chache. Mvua ikiamua vingine, ni majuma. Mara moja tulikwama pamoja na malori mengine muda mrefu hata tukawa kijiji kamili, chenye kinyozi na chifu, na chifu nilikuwa mimi kwa sababu ndimi niliyepiga kelele zaidi.

Ninaishi humo na mtu mmoja, shofa mwenzangu tunayepokezana usukani, Mwislamu wa Mulekera pale Beni. Mimi ni Mkatoliki wa Butembo. Ukihesabu usiku, amelala karibu yangu kuliko mke wangu, na tumegombana vilevile kama watu wa ndoa. Yeye ni mpole na hana haraka. Anaendesha kama mtu aliyebeba trei ya mayai. Mimi naendesha kama mtu aliyeacha sufuria motoni. Yeye hucheka kwa mabega tu, bila sauti, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi, kwa sababu mtu akicheka kwa sauti unaweza kumwambia anyamaze.

Kabini yetu ni safi, na nalisema bila aibu. Kuna mkeka mbele ya kiti, na hakuna anayeukanyaga na viatu, awe askari, awe mwenye mali. Kitanda kiko nyuma ya viti, kimetandikwa shuka ambalo mke wangu alilishonea ua pembeni. Mswaki wangu uko upande wa kulia wa kioo, wake upande wa kushoto. Chini ya lori kumefungwa bidoni za maji, mbabula ya kupikia na gunia la makaa. Nyuma, chini ya turubai, tumepitisha kamba ya kuanikia nguo, ili zikauke tukiwa njiani na zisipate vumbi. Maharage tunayaloweka asubuhi katika mkebe wenye kifuniko, barabara inayatikisa mchana kutwa, na jioni yanaiva upesi kuliko ya mama yeyote mjini. Viazi vya Alimbongo tunavifunga kwa majani ya ndizi na kuviweka juu ya moteri. Tukifika kilima cha tatu vinanukia, na hapo hata mwenzangu anaongeza mwendo.

Ijumaa yeye anasimamisha lori mahali penye msikiti, na kama msikiti hakuna, anatandika mkeka wake kando ya barabara nami nakaa kimya, jambo ambalo si rahisi kwangu. Jumapili mimi natafuta misa katika redio, naye anashika usukani na kuzima mazungumzo. Hatukuwahi kukubaliana juu ya hilo kwa maneno. Ilikuwa hivyo toka safari ya kwanza.

Kinachouma ni familia. Msituni mtandao unapatikana huku na huko, na shofa wote wanajua mahali pa kusimama. Unapanda juu ya turubai, unainua simu, unageuka taratibu mpaka sauti ya mtoto wako inatoka. Wangu wamezoea kuniwekea habari. Mmoja anaanza, wa pili anamnyang'anya simu, wa tatu analia kwa sababu mtandao umekatika kabla ya zamu yake. Nimewalea hivyo, kwa kipande kipande, na nyumbani nikifika wananitazama kwanza miguuni kama wanavyomtazama mgeni. Inaniuma sana, lakini wakishazoea harufu yangu ya mazuti, dizeli ya lori, wananirukia, na tunakuwa sawa mpaka siku ya kuondoka.

Basi binti yangu wa pili akapata mchumba. Watu wa kijana walikuja nyumbani kujitambulisha. Mimi nilikuwa kwenye matope. Wakaja tena kuzungumzia mbuzi wa mahari. Mimi nilikuwa Kisangani nikingoja mzigo. Mara zote mbili kaka yangu mkubwa alikaa katika kiti changu. Yote niliyoyajua juu ya wakwe hao ni kwamba ni watu wa upande wa Beni, wanalima kakao, na ni wagumu. Kijana mwenyewe nilimwona kwenye picha ya simu, na kioo cha simu yangu kimepasuka, kwa hiyo nilimwona vizuri sikio moja na nusu ya kidevu.

Ikabaki siku yenyewe, Jumamosi ya kuleta mbuzi. Kwetu siku hiyo, watu wote wakishakaa, baba anamwita binti mbele ya wageni na kumwuliza kama mbuzi wapokelewe. Binti akikubali, furaha inaanza. Akinyamaza, mbuzi wanarudi walikotoka na kila mtu anabeba aibu yake. Baba akiwa hayupo, ndugu yake anaweza kuuliza, na hakuna atakayelalamika. Ila binti yangu alilalamika. Nilikuwa juu ya turubai aliponipigia.

"Papa, ile siku ni weye utaniuliza."

"Na kama barabara ikakataa? Papa mukubwa iko."

"Papa mukubwa ataulizaka batoto bake. Mi nitabaki mu chumba mpaka nisikie klakson yako. Nisipoisikia, sitajibu mutu."

Honi yangu anaijua, nami ninamjua yeye. Ukali wake ameutoa kwangu. Nilishuka kutoka juu ya turubai nikamwambia mwenzangu kwamba safari hiyo hakuna kulala, na kweli tulikuja vizuri sana, mvua ikitukosa kila mahali. Alhamisi tuliingia Beni. Nikaanza kuimba. Sijamaliza ubeti wa pili, chini ya lori pakalia kishindo, lori likainama upande mmoja, na resori la nyuma, yaani springi, likawa vipande.

Kutoka pale hadi Butembo si mbali. Moto-teksi, pikipiki ya abiria, inakufikisha kabla maharage hayajaiva. Mke wa mwenzangu, aliyetuletea wali kutoka nyumbani kwao, alinishangaa.

"Shemeji, si upande moto, uende kuona mutoto? Bwana yangu atakuletea kamio."

Lakini shofa wa Butembo hafiki nyumbani bila gari lake. Si sheria ya serikali, ni desturi yetu wenyewe. Kila mmoja wetu ana namna yake ya kupiga klakson akipanda kilima cha kuingia mjini. Yangu ni mbili fupi na moja ndefu, na mke wangu akiisikia anabandika maji ya bukari, ugali wetu. Shofa akionekana anashuka kutoka kwenye moto, bila lori, watu hawaulizi. Wanajua gari limeanguka na wenzake wamekufa. Nina rafiki aliyefanya hivyo kwa sababu ya homa tu. Kabla hajafungua mlango, majirani walikuwa tayari wanaondoa viti sebuleni na kutandika mikeka ya matanga. Nimletee binti yangu kilio siku ya mbuzi wake? Nilimjibu shemeji kwamba nitangoja resori, nikala wali wake kwa hasira, sahani mbili.

Ijumaa mwenzangu alikwenda msikitini na kanzu yake nyeupe. Mimi nilifua shati langu jeupe, lile la sikukuu, nikalianika kwenye kamba chini ya turubai. Jumamosi asubuhi resori likafika kutoka Butembo, tukalifunga sisi wenyewe, na nilikuwa ninanawa mikono kwa sabuni na mchanga mwenzangu aliponijia.

"Kuko batu pale banaenda Butembo. Gari yabo imekufa."

Nilitazama. Kando ya barabara walisimama wazee watatu wenye makoti, akina mama waliovaa vitenge vya sare na vitunga vichwani, na kundi la mbuzi. Dereva wao wa basi dogo alikuwa amelala chini ya gari lake, miguu nje.

"Na zile mbuzi?" nikauliza.

"Njo mizigo yabo."

"Mi sibebake mbuzi. Mbuzi inakojoa kila fasi."

"Ata weye unakojoaka," akasema. "Na weye hapana mbuzi."

Nikakataa. Akakwenda kuzungumza na yule mzee wao mwenye kofia, wakazungumza muda mrefu kuliko inavyohitajika kumwambia mtu hapana, mzee akanitazama, akatazama chini, akatikisa kichwa, kisha akakubali jambo fulani. Mwenzangu akarudi. Aliniambia kwamba safari nzima hajaniomba kitu, na ilikuwa kweli. Alikuwa amekuja mpaka Beni bila hata kulala kwake, siku zote mbili usiku alilala nami kwenye kabini, kwa sababu tuna mazoea kwamba mwenye nyumba ya karibu haingii kulala kwake kabla wa mbali hajafika. Ningemkatalia vipi? Nikasema sawa, mbuzi, akina mama na wazee wawili nyuma juu ya magunia ya mchele, yeye akae nao awachunge, na mzee mmoja mbele nami.

Yule mwenye kofia akapanda.

"Muzee, samahani," nikamwambia. "Viatu vinabakia kwa mulango. Hapa ni nyumba."

Akavua, akaviweka mapajani. Nilimpenda kwa hilo. Tukaondoka, na kwa kuwa nilikuwa na furaha, nilizungumza.

"Uko na haraka, shofa," akasema.

"Haraka ya kweli! Leo banaleta mbuzi kwangu, juu ya binti yangu."

"Ah. Na bale bakwe, unabajua?"

"Ata mumoja. Kila mara banakuya, mi niko mu barabara. Mais banasema ni batu bagumu. Ndugu yangu alibishana nabo mpaka sauti ikaisha."

Mzee akakohoa. "Bagumu kabisa?"

"Muzee, batu ba kakao! Bamezoea kukausha kila kitu."

Aligeuka dirishani akatazama migomba kwa muda. Nilidhani kikohozi kimemzidi, nikampa maji. Nikamweleza habari zote: binti, chumba, klakson, swali. Nilimwambia kwamba sijali mbuzi ni wangapi wala wako vipi, mradi niwepo kuuliza. Hapo alinigeukia, akaniambia kwa sauti nyingine kabisa, "Utafika, bwana. Mungu atakufikisha." Nikashukuru kwa Kinande, wasingya, kwa sababu neno lake lilinigusa.

Kwenye kizuizi cha njiani askari alituamuru tusimame. Akazunguka nyuma, akainua turubai, akaona pembe.

"Vieux, ntaba oyo ya nani?" akaniuliza kwa Kilingala chake. Mbuzi hawa ni wa nani?

Nilishuka kumjibu, na hapo ndipo nilipoliona shati langu. Mbuzi mmoja mweupe, mwembamba, mwenye sikio lililochanika, alikuwa amesimama chini ya kamba akitafuna. Mkono mmoja wa shati ulikuwa umeshakwenda, na kola ilikuwa njiani. Mwenzangu, mchungaji, alikuwa amekaa juu ya gunia la mchele, mabega yakimtetemeka.

"Hapana yangu!" nikapiga kelele, mpaka moto zilizokuwa nyuma yetu zikazima injini kusikiliza. "Ata bure sitake! Muangalie hii! Hii ni mbuzi ama ni kamba yenye meno? Nani anaweza kutoa binti yake juu ya kitu kama hii? Baba ya ule binti ni kipofu!"

Akina mama walijifunika nyuso kwa vitenge. Nilidhani ni aibu ya mbuzi wao. Askari alicheka sana akatupitisha bila maswali zaidi, na mimi nikaendesha nikiwa nimenuna, kwa sababu nilikuwa na shati moja tu la kufaa na sasa nilikuwa na nusu. Kila nikimtazama mzee, alikuwa anatazama migomba.

Tulipanda kilima cha Butembo mawingu yakikusanyika. Nikapiga klakson yangu, mbili fupi na moja ndefu, nikairudia na kuirudia, na machozi yakanitoka kidogo, sisemi uongo. Mwanangu alikuwa ameisikia. Lililobaki ni dogo, kuwashusha watu na kwenda kwangu.

Kwenye njia panda mzee akagusa mkono wangu.

"Tuache hapa, shofa. Tutatembea."

Mvua ilikuwa imeanza, ile ya kwetu yenye baridi. "Na bamama na vitunga? Hapana! Mi naachaka mutu kwa mulango yake."

"Shofa, hapa ni muzuri kabisa."

"Muzee, mi njo chifu mu hii kamio. Nionyeshe njia."

Alinitazama kama mtu anayetaka kusali. Kisha akanyoosha kidole upande wa kushoto. "Paka huku," akasema kwa unyonge. Nikamwambia kwamba ni bahati, mimi pia ninakaa huku. Tukapita kanisa dogo. Akaonyesha kulia. Nikasema, ajabu, hata mimi huwa nakata kulia hapa. Tukaingia katika kichochoro chenye miti ya misonobari pande zote, ambapo lori linaingia lakini haliwezi kugeuka, nikaanza kumweleza kwamba kichochoro hiki nakijua vizuri kwa sababu nyumba yangu iko mwisho. Sentensi hiyo sikuimaliza. Mwisho wa kichochoro palikuwa na turubai la sherehe, viti vimepangwa, na kando ya mlango alisimama mke wangu na kitenge kipya, mdomo wazi.

Nikazima injini. Nyuma mbuzi mmoja akalia.

"Ni yeye," mzee akasema kwa upole. "Ule wa shemisi." Yule aliyekula shati langu.

Kwetu baba wa binti hawaoni mbuzi kabla hawajaletwa mbele yake na watu wa kijana. Kuwabeba mwenyewe, kutoka Beni, kwa lori lake, ni jambo ambalo wazee hawakuwahi hata kulikataza, kwa sababu nani angelifikiria? Kaka yangu mkubwa alitoka mbio akiwa na koti la suti, akipunga mikono yote miwili.

"Rudisha kamio! Rudisha! Hatujaona kitu! Mama, geuka! Bote, mugeuke!"

Na wote wakageuka. Jirani, wapishi, wanakwaya, mke wangu, wote wakaligeuzia lori mgongo na kutazama ukuta, nami nikarudi kinyumenyume kichochoro kizima katika mvua, klakson ikilia ili watoto watoke njiani, mbuzi wakijibu kila mlio. Sijawahi kuendesha kwa aibu namna hiyo. Mzee alikuwa ameshavaa kiatu kimoja.

Kwenye njia panda niliruka chini nikamshika mwenzangu shati.

"Ulijua!"

"Ni bajirani bangu. Bibi yangu njo aliniambia."

"Na ulinyamaza!"

"Ningekuambia, ungebabeba?"

Nikafikiri. "Hapana."

"Na bangefika leo?"

"Hapana."

"Alors? Ningefanya namna gani?"

Mzee mwenye kofia akaeleza kwamba walipatana kushuka njia panda, watembee na mbuzi wao kama watu, nami nisijue kamwe. Ila mwenye lori alikuwa na adabu kupita kiasi. Alisema hivyo uso ukiwa mkavu, mtu wa kakao kweli. Niliomba radhi kwa maneno ya barabarani. Akasema hakusikia maneno yoyote barabarani, alikuwa anatazama migomba.

Nilirudi kwangu kwa miguu, kupitia shamba la vitunguu vya liki la jirani, nikaingia kwa mlango wa nyuma kama mwizi wa kuku. Mke wangu alikuwa ameshaweka maji ya kuoga. Hakuniuliza kitu, alicheka tu mpaka akakaa juu ya ndoo. Shati halikuwepo, na mashati yangu mengine ni ya kazi, yana mafuta ya moteri ambayo sabuni haijawahi kuyashinda. Mwenzangu akatokea mlangoni na kanzu yake ya Ijumaa. Yeye ni mfupi. Ilinifikia chini kidogo ya magoti. Hivyo ndivyo baba Mkatoliki alivyokaa katika kiti chake siku ya mbuzi wa binti yake, na kanzu, na soksi zikionekana. Paroko alipita kunisalimu akanitazama juu mpaka chini, na kwa heshima akaulizia habari za barabara.

Mvua ikapungua. Wageni wakaingia wakiimba, mbuzi mbele, kwa miguu, kama inavyotakiwa, na kaka yangu akaninong'oneza nionekane nashangaa. Nikashangaa. Mbuzi wakapangwa. Upande wetu una haki ya kuwakagua na kumkataa aliyekonda, na kaka yangu, ambaye sauti yake ilikuwa imerudi, akapita mmoja baada ya mwingine akiwabonyeza mgongo. Alipofika kwa yule mweupe alisimama. Akambonyeza tena. Akanigeukia mbele ya watu wote.

"Ndugu, hii nayo? Tuikubali ama tuikatae?"

Mzee mwenye kofia alikuwa amekaa mkabala nami, mikono juu ya fimbo. Wale akina mama wenye sare walikuwa wameshajifunika nyuso. Nyuma ya viti niliona mabega ya mwenzangu yakianza.

"Ni mbuzi muzuri sana," nikasema. "Ile inajua kukula."

Kisha nikasimama. Nikamwita binti yangu kwa jina, mara moja tu. Niliogopa. Nimepita madaraja ya magogo yaliyooza bila kuogopa namna ile. Mlango wa chumba ukafunguka, akatoka na wenzake wawili, amevaa kitenge cha rangi ya njano, ameshusha macho kama binti anavyotakiwa, na kwa mara ya kwanza nikaona kwamba amenipita urefu. Ilitokea lini? Nilikuwa juu ya turubai fulani, bila shaka, nikigeuka taratibu kutafuta sauti yake.

"Mwanangu," nikasema, kisha ikabidi nianze upya. "Mwanangu. Mbuzi hawa unawaona. Tuwapokee?"

Akainua macho. Akatazama mbuzi. Akanitazama mimi, kanzu, na soksi.

"Papa," akasema, kwa ile sauti ya simu ninayoijua kuliko uso wake, "nilisikia kamio ikakuya, ikarudi nyuma, ikilia na mbuzi. Ni weye mwenyewe umezileta. Sasa namna gani unaniuliza?"

Hakuna aliyeweza kujizuia tena. Paroko alicheka, wakwe walicheka, kaka yangu alisahau kwamba hatujaona kitu. Mzee mwenye kofia alisimama, akashuhudia mbele ya wote kwamba hata askari aliponiuliza nilikana mara tatu, na mwenzangu kwa mara ya kwanza maishani mwake akacheka kwa sauti, sauti nyembamba ya ajabu, nikajua kwa nini siku zote alikuwa anaificha. Binti yangu peke yake hakucheka. Alingoja. Alikuwa amenibakizia kazi yangu, na hakutaka mtu mwingine aifanye.

Nikajifuta uso kwa mkono wa kanzu. Nikamwuliza tena, polepole, kama baba mwenye nyumba.

"Tupokee, papa," akajibu. Kisha, chini chini, neno la masikio yangu tu: "Umefika."

Mbuzi wengine wamekwenda kwa wenyewe, kwa shangazi na wajomba, kama desturi inavyogawa. Yule mweupe aliniangukia mimi. Mzee mwenye kofia alihakikisha. Mke wangu alikataa achinjwe. Amenenepa sasa, anakula kila kilichoanikwa, na majirani wamehamisha kamba zao. Jumatatu ile tuliondoka tena, mimi na mwenzangu, viazi juu ya moteri. Bado niko barabarani zaidi kuliko nyumbani. Lakini mke wangu ananiambia kwamba siku hizi, nikipiga mbili fupi na moja ndefu pale kilimani, kabla yeye hajabandika maji, mbuzi yule anaacha kutafuna, anainua sikio lake lililochanika, na kusimama akitazama kichochoro.